Homa ya Mtoto Mdogo: Dalili Moja, Maradhi Mengi

Kilomita chache kutoka mjini Tabora, mahali paitwapo Kwihara, ipo nyumba ya tembe iliyojengwa upya, ambayo siku hizi ni makumbusho. Mwezi Juni mwaka 1871 Henry Morton Stanley alifika hapo na msafara wake akitokea Bagamoyo, na haukupita muda mrefu homa ikamlaza. Ilimpotezea fahamu kwa siku nyingi, hata hesabu ya tarehe ikamvurugikia. Mwenzake John Shaw, aliyejaribu kuendelea na safari ya Ujiji, alirudishwa Kwihara akiwa hoi, na huko akafa. Mwezi Februari mwaka 1872 Stanley alirejea hapo pamoja na David Livingstone, naye Livingstone akabaki akingoja wapagazi wapya mpaka tarehe 25 Agosti mwaka huo.

Livingstone alikuwa daktari. Dawa yake ya homa ilikuwa vidonge alivyovichanganya mwenyewe: kwinini, pamoja na dawa nyingine tatu za kuendesha tumbo. Mojawapo ya hizo tatu, kalomeli, hutengenezwa kwa zebaki. Kwinini ni dawa ya kweli ya malaria. Zebaki ni sumu. Ikiwa mtu mwenye elimu ya tabibu aliviweka vitu hivyo viwili katika kidonge kimoja, sababu ni kwamba madaktari wengi wa zama zake waliihesabu homa kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Walidhani hutoka katika hewa chafu ya mabwawa, na kwamba kuisafisha tumboni ni kuitoa mwilini. Richard Burton, aliyefika Tabora mwezi Novemba mwaka 1857 pamoja na John Speke, wakati mji ukiitwa Kazeh, alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1856 kwamba Wasomali husema homa kali huletwa na kuumwa na mbu. Burton aliliweka jambo hilo katika fungu la ushirikina. Yeye na Speke walikuja kuugua mara nyingi katika njia hiihii ya misafara, na ilipita miaka 40 na zaidi kabla Ronald Ross hajawaona viini vya malaria ndani ya tumbo la mbu, huko Bara Hindi, mwaka 1897.

Wakati Livingstone akitembea magharibi ya Tanzania ya leo, daktari mmoja wa mji wa Leipzig, Carl Wunderlich, alikuwa akiwapima wagonjwa wake joto kila siku kwa kipimajoto. Mwaka 1868 alichapisha matokeo ya kuwapima watu wapatao 25,000. Hoja yake kubwa ilikuwa hii: homa si ugonjwa, bali ni dalili, na maradhi mbalimbali huipandisha na kuishusha kila moja kwa namna yake.

Hoja hiyo imekwisha kuwa ya kawaida katika vitabu vya sayansi, lakini katika maneno ya kila siku bado haijaingia vizuri. Mtu akisema "mtoto ana homa" aghalabu huwa na maana mbili kwa pamoja: kwamba mwili wa mtoto una joto, na kwamba anao ugonjwa uitwao homa, yaani malaria. Neno ni moja, maradhi ni mengi, na katika kuyachanganya hayo watoto hupotea.

Mwili hupandishaje joto?

Katika sehemu ya chini ya ubongo imo haipothalamasi, ambayo mojawapo ya kazi zake ni kulinda joto la mwili lisizidi wala kupungua sana. Kwa kawaida hulishikilia karibu na nyuzi 37 za Sentigredi. Viini vya maradhi vinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu hutoa kemikali ambazo huchukuliwa na damu hadi ubongoni, na huko hutengenezwa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini. Hiyo ndiyo inayoifanya haipothalamasi ipandishe kiwango chake, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39.

Tangu wakati huo mwili wenye nyuzi 37 hujiona kuwa umepoa. Mishipa ya damu iliyo ngozini hujibana, mikono na miguu huwa baridi, na misuli hutetemeka ili izalishe joto. Ndiyo maana mtoto hutetemeka na kulia baridi ilhali kifua chake kinaunguza mkono wa mama. Joto likifika nyuzi 39, matetemeko hukoma. Kiwango kikirudi chini, mishipa hufunguka, jasho hutoka, na mwili hupoa.

Mwanafunzi akiufahamu utaratibu huu, mambo kadhaa ya nyumbani humfumbukia bila ya kukariri. Kumfunika mtoto mablanketi matatu huzuia joto lisitoke, nalo huzidi. Kumtumbukiza katika maji ya baridi hakufai vilevile, kwa kuwa kiwango cha ubongoni hakijashuka. Mwili utashindana na maji hayo kwa kutetemeka zaidi, na mtoto atateseka bure. Parasetamoli huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na kwa njia hiyo hukishusha kiwango chenyewe. Lakini haigusi kiini cha ugonjwa hata kidogo. Kwa hiyo mtoto ambaye joto lake limeshuka baada ya dawa hiyo hajapona, wala kushuka huko si ushahidi kwamba ugonjwa wake ni mdogo. Wazazi wengi husubiri siku ya pili na ya tatu nyumbani kwa kupumbazwa na unafuu huo.

Joto lenyewe si adui. Vijidudu vingi hustawi kwa shida katika joto kubwa, na chembe za kinga hufanya kazi yake kwa wepesi zaidi. Kinachomdhuru mtoto mara nyingi ni kile kilichoileta homa, pamoja na upungufu wa maji unaoiandama.

Kwa nini mtoto mdogo hupungukiwa na maji upesi kuliko mtu mzima? Mwalimu aweza kulionyesha jambo hilo darasani. Achukue kopo dogo la nusu lita na debe dogo la lita tano, vyote vya bati. Avijaze maji ya moto yaliyotoka katika sufuria moja, na wanafunzi wasome vipimajoto kila baada ya dakika tano kwa muda wa nusu saa, kisha wachore grafu. Kopo dogo litapoa upesi zaidi. Hesabu yake ni rahisi: mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita 6 za mraba kwa ujazo wa sentimita moja ya ujazo. Wenye upande wa sentimita 2 una eneo la 24 kwa ujazo wa 8, yaani 3 tu kwa kila kimoja. Kadiri mwili ulivyo mdogo, ndivyo ngozi ilivyo kubwa ukilinganisha na kilichomo ndani, na joto na maji hupita katika ngozi. Mtoto mwenye homa, anayehema upesi na kukataa kunyonya, aweza kukaukiwa katika muda wa siku moja.

Malaria, na deni la kinga

Katika habari za misafara imeandikwa mara kwa mara kwamba wageni walianguka kwa homa huku wapagazi wa Kinyamwezi wakiendelea na mizigo yao. Wako waliodhani kwamba Mwafrika amezaliwa na kinga. Robert Koch alilichunguza jambo la namna hiyo New Guinea mwaka 1900, akakuta kwamba katika vijiji vyenye malaria nyingi vimelea vilijaa katika damu ya watoto wadogo, lakini vilikuwa haba katika damu ya watu wazima. Kinga ile ilikuwa imepatikana kwa kuugua tena na tena tangu utotoni. Mpagazi hodari aliyeonekana njiani alikuwa mtu aliyevuka miaka mitano ya kwanza ya maisha yake. Wale ambao hawakuvuka hawakuonekana na msafiri yeyote, kwa maana walikwisha kuzikwa.

Hali hiyo haijakwisha. Mtoto mchanga hupata ulinzi fulani kutoka kwa mama yake kwa miezi michache ya kwanza. Ulinzi huo ukipungua, naye hajajijengea wa kwake, huingia katika kipindi cha hatari kubwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022, malaria ilikutwa katika asilimia 23 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mkoani Tabora, ambapo wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 8. Basi mzazi wa Tabora anayewaza malaria mara tu mtoto anapopata joto hana kosa. Kosa ni kuiwaza malaria peke yake.

Kwa miaka mingi shauri lililotolewa lilikuwa kwamba kila homa ya mtoto itibiwe kama malaria. Klorokwini ilikuwa rahisi na ilipatikana hata madukani. Vimelea vilipoizoea, Tanzania iliiacha mwaka 2001, na baadaye ikaingia dawa ya mseto itumikayo hata sasa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na vipimo vya haraka vya tone la damu vikaenea hata katika zahanati za vijijini.

Vipimo hivyo vilifichua jambo. Watafiti waliowachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014, walikuta kwamba ugonjwa ulioongoza ulikuwa wa njia ya hewa, katika zaidi ya nusu ya watoto. Malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi kati ya kumi. Wengine walikuwa na maradhi ya kuhara, ya njia ya mkojo, homa ya matumbo na mengineyo. Wengi wao walikuwa na virusi ambavyo hupona vyenyewe, wala havihitaji dawa ya malaria wala ya bakteria. Tabora si Dar es Salaam, na hesabu zake si zilezile. Lakini onyo ni lilelile.

Baadhi ya maradhi hayo huonekana kwa saa ya mkononi tu. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mwenye umri wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Mtoto mwenye kikohozi na pumzi za namna hiyo yawezekana ana nimonia, na dawa ya malaria haitamsaidia. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, asicheleweshwe hata kidogo.

Degedege

Hakuna jambo katika homa linalowatisha wazazi kama mtoto anapokakamaa, macho yakageuka na viungo vikarukaruka. Waswahili huliita degedege, na wako wanaoamini kwamba huletwa na ndege au pepo. Watafiti waliofanya kazi wilayani Bagamoyo, mwanzo wa njia ya misafara, walichapisha mwaka 1996 kwamba wazazi wengi waliihesabu degedege kuwa ugonjwa mwingine kabisa, usiohusiana na homa ya kawaida. Kwa hiyo walianzia kwa waganga wa kienyeji, na hospitali ikaja baadaye. Pia walihofu kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amekwisha kuzimia hupigwa sindano, na wengine hufa muda mfupi baadaye. Aliyetazama huiona sindano, haioni siku iliyopotea. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio la dawa lililowahusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo. Kati ya waliopewa sindano za kwinini walikufa asilimia 10.9, kati ya waliopewa artesuneti, asilimia 8.5. Sindano inayoogopwa ndiyo iliyo dawa.

Mshtuko wa homa huwapata hasa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mara nyingi hudumu dakika chache tu na kuisha bila kuacha madhara. Lakini malaria iliyopanda ubongoni na homa ya uti wa mgongo nazo huleta mshtuko uleule, na kwa kutazama tu hakuna awezaye kuzitofautisha. Wakati wa mshtuko mtoto alazwe kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza, nguo za shingoni zilegezwe, na saa itazamwe. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe kitu, asifukizwe moshi. Kisha apelekwe kwenye matibabu, hata kama ameamka na kucheka.

Utunzaji wa nyumbani

Joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi ni homa. Mkono wa mama hutambua mara nyingi, ila huweza kukosea pande zote mbili. Mtoto avuliwe nguo nzito na avikwe nyepesi. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko siku nyingine. Aliyeachishwa apewe maji safi, uji mwepesi au maji ya madafu kidogokidogo, kijiko kwa kijiko. Chakula kina kazi yake pia, kwa maana katika malaria kali sukari ya damu huweza kushuka ghafla.

Kipimo cha parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, na kisirudiwe kabla ya saa 6 wala kuzidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 anastahili miligramu 100 hadi 150. Kidonge kimoja cha mtu mzima kina miligramu 500, yaani zaidi ya mara tatu ya anachostahili, na kikizidishwa kwa siku kadhaa huharibu ini. Aspirini isitumike kwa watoto.

Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata mshtuko, au aliyelegea na kuwa mgumu kuamka, hana budi kupelekwa hospitali saa ileile, uwe mchana au usiku. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa yoyote apelekwe bila ya kungoja dalili nyingine.

Homa inayokwenda na kurudi

Yapo maradhi mengine ambayo njia ya misafara iliyajua vizuri na ambayo leo yamesahauliwa kupita kiasi. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni. Aweza kuishi miaka bila ya kula. Livingstone aliandika juu ya madhara ya kuumwa naye katika kitabu chake cha mwaka 1857.

Mwaka 1905 Joseph Dutton na John Todd, waliokuwa wakichunguza jambo hilo mashariki ya Kongo, walithibitisha kwamba papasi huambukiza bakteria wa homa ya kujirudia. Dutton mwenyewe aliupata ugonjwa, akafa Kasongo tarehe 27 Februari mwaka huo. Kasongo ni katika nchi ya Manyema, ambako misafara ya Tabora na Ujiji ilifika baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika. Bakteria huyo huitwa Borrelia duttonii kwa kumkumbuka. Mwaka huohuo Koch alikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuta papasi katika vibanda walimolala wapagazi kandokando ya barabara, na bakteria ndani ya mayai ya papasi. Maana yake ni kwamba papasi wapya huanguliwa wakiwa tayari na ugonjwa, na kibanda kimoja huweza kuudumisha kwa vizazi vingi vya mdudu hata kama hakuna mgonjwa aliyelala humo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 vibanda vya misafara vilianza kuachwa. Papasi hawakuondoka pamoja na wapagazi. Huko Mvumi, mkoani Dodoma, ambako Stanley alipita, watafiti wa miaka ya 1990 na 2000 waliwakuta katika nyumba nyingi za udongo, na walioathirika zaidi walikuwa wajawazito na watoto wachanga.

Homa hii hupanda kwa ghafla, hudumu siku chache, hukatika, na mtoto huonekana amepona. Wakati huo bakteria wachache waliosalia huwa wamebadilisha protini za ngozi yao, hata kinga ya mwili isiwatambue. Huongezeka tena, na baada ya siku kadhaa homa hurudi.

Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuona ugonjwa huu, kwa kuwa kimetengenezwa kutambua protini za vimelea vya malaria tu. Hadubini huweza: katika tone la damu lililotiwa rangi, lililochukuliwa wakati homa imepanda, bakteria huonekana kama uzi mwembamba uliojisokota kati ya chembe za damu. Tiba ipo, nayo ni dawa za bakteria. Ila dozi ya kwanza huweza kuipandisha homa kwa saa chache, kwa hiyo itolewe mbele ya mhudumu wa afya. Sakafu ya saruji, kuta zilizozibwa nyufa, kitanda kilichoinuliwa na chandarua kilichochomekwa vizuri humweka papasi mbali na mtoto, na chandarua hichohicho humzuia mbu.

Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake amepimwa akaambiwa hana malaria, kisha homa ikakatika na kurudi, amrudishe zahanati siku homa inapopanda. Amweleze mhudumu mambo mawili bila ya kungoja kuulizwa: homa ya kwanza ilikatika lini, na usiku mtoto hulala wapi.